Fundi Shaib na Sauti Asiyoisikia

Milango ya kabati la Bi Huwaida ilivimba kwa mvua za masika ikawa haifungi, na hivyo ndivyo fidla ilivyoingia nyumbani kwa Shaib.

Shaib ni fundi seremala wa mtaa wa Makorora. Wazazi wake walivuka kutoka Pemba kabla hajazaliwa. Yeye kazaliwa hapo hapo Makorora, kaoa hapo, na karakana yake ya vitanda na milango haiko mbali na nyumba aliyokulia. Ni mtu mwembamba, mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kukereka, na futi kamba haimtoki kiunoni. Mkewe Tabia husema hata chapati mumewe huzitazama kama anataka kuzipima upana. Shaib hauchukii utani huo. Kitu kilichopimwa, husema, hakina ugomvi.

Siku alipoitwa mtaa wa Nguvumali kuranda milango ya lile kabati, shule zilikuwa zimefungwa, akamchukua binti yake Thuwaiba, wa miaka kumi, amshikie msasa na misumari. Bi Huwaida, mwenye nyumba, ni mwanamke wa makamo, wa ukoo wa Kiarabu wenye maduka mjini, ila yeye hakukaa dukani hata siku moja. Alifundishwa fidla na ami yake, akapiga kwenye vikundi vya taarabu tangu usichana, na sasa hufundisha watoto wachache sebuleni kwake. Shaib alipokuwa anaranda, fidla ilikuwa inalia chumba cha pili. Akanyoosha mkono kuomba msasa. Akanyoosha tena. Alipogeuka, hakuona mtu. Thuwaiba alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, msasa mkononi, shingo kaitoa kama kuku anayechungulia ndani ya chungu.

"Ingia," Bi Huwaida alimwambia bila kuacha kupiga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Una swali, naliona usoni."

Thuwaiba akaionyesha shingo ya fidla. "Gita la kaka wa jirani yetu lina vyuma, unabonyeza katikati ya vyuma. Hili liko tupu. Vidole vyako vinajuaje pa kukaa?"

Bi Huwaida akateremsha upinde, akamtazama mtoto, kisha akamtazama Shaib ambaye alikuwa amekuja kumrudisha binti yake kazini. "Fundi," alisema, "huyu niletee Jumamosi."

Alimwazima fidla ndogo, ya saizi ya watoto, ndani ya sanduku lenye bawaba iliyolegea. Shaib aliifunga bawaba hiyo vizuri jioni ile ile. Kisha akaitoa fidla yenyewe, akaigeuza huku na huku. Hakupata kuona mbao nyembamba kiasi kile zilizopindwa bila kupasuka. Alimulika tochi ya simu kwenye matundu yake mawili, akaona ndani kuna kijiti kimesimama kutoka chini hadi juu, hakina gundi wala msumari. Alishtuka. Kesho yake alimweleza mwenzake wa karakana, Ernesti, Mbondei wa Muheza anayepaka vanishi na kushona magodoro ya makochi.

"Kimesimama tu?"

"Kimesimama tu. Kimebanwa na ubao wa juu na wa chini. Nikimuuliza Bi Huwaida anasema kikianguka, sauti yote inakufa."

"Sasa nani alifikiria kukiweka?" Ernesti akauliza, na wote wawili wakabaki wanaliwaza swali hilo mpaka mteja alipokuja kuuliza kitanda chake.

Kwa hiyo mtu asidhani Shaib aliichukia fidla. Aliipenda tangu mwanzo. Alichokosa ni subira.

Kila Jumamosi asubuhi alimpeleka Thuwaiba Nguvumali, akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono katikati ya magoti. Alitarajia wimbo. Badala yake Bi Huwaida alimfundisha mtoto kushika upinde, kuuachia, kuushika tena. Halafu kuuvuta juu ya uzi mmoja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kidole chochote. Jumamosi iliyofuata, uzi wa pili. Nyumbani nako ikawa hivyo hivyo: Thuwaiba akitoka chuoni kusoma Kurani, anakula, anakaa uani, anavuta. Sauti ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Jirani mmoja alipiga kelele juu ya ukuta, "Tabia, mfungulieni huyo paka!"

Shaib alichoka kabla ya mtoto. Siku moja, baada ya somo, alimfuata Bi Huwaida mlangoni.

"Bi Huwaida, samahani. Wimbo lini?"

"Wimbo gani, fundi?"

"Wowote. Mdogo wangu Badr anaoa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Nimeshawaambia ndugu kuwa Thuwaiba atapiga."

"Umewaambia wewe," alisema Bi Huwaida, "au kawaambia yeye?"

Shaib alilichukua sanduku la fidla, akamwita mtoto.

Mwezi wa Rajabu ulipoingia, Bi Huwaida alianza kumfundisha Thuwaiba vidole, kisha akampa kipande kifupi cha muziki, cha kurudiarudia, kama swali na jibu. Halafu ikaja habari kuwa dada yake aliyeko Muskati anaumwa, naye akasafiri. Kabla ya kuondoka alimwambia mtoto, "Kipige polepole. Usikimbilie kingine. Nikirudi utanipigia." Shaib alisikia maagizo hayo kama mtu aliyepewa nafasi. Mwalimu hayupo, harusi inakuja, na yeye baba yupo.

Alitafuta kwenye simu, akapata video ya mzungu mmoja anayefundisha watoto. Lugha hakuielewa, lakini mikono ya mtu aliielewa vizuri: yule mzungu alikuwa anabandika vipande vya selotepu kwenye shingo ya fidla, kila kipande mahali pa kidole. Shaib karibu acheke. Kumbe jambo lenyewe ni vipimo! Alipima, akakata vipande vyembamba kwa wembe, akavibandika vikiwa vimenyooka kiasi kwamba hata yeye alivitazama kwa raha. Akapakua na programu ya kupimia sauti. Ukipiga mahali pake, kioo kinageuka kijani. Ukikosa, kinakuwa chekundu na mshale unakuambia umepanda au umeshuka.

"Njoo, mwanangu," alimwita Thuwaiba. "Sasa hutopapasa tena."

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Thuwaiba alipandisha ngazi ya sauti moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani. Ernesti, ambaye huimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa lake, alikuja jioni kusikiliza, akaimba naye do, re, mi, akampongeza. Shaib alijiona kama mtu aliyegundua mlango wa nyuma wa nyumba ambayo wengine hukaa foleni mbele yake.

Matatizo yalianza kwenye kile kipande cha Bi Huwaida. Kila Thuwaiba alipofika mahali pa kidole cha kati, kidole kilikaa chini kidogo ya selotepu, na simu ikawa nyekundu.

"Umeshuka," Shaib akasema. "Panda kidogo."

"Hapa ndipo, baba."

"Alama iko wapi?"

"Iko juu. Lakini Bi Huwaida huweka hapa."

"Wewe unakumbuka vibaya. Simu haina jamaa wala ndugu, itakuonea kwa lipi? Panda."

Aliuliza na Ernesti, ambaye alisikiliza akiwa amefumba macho kwa heshima zote za mwanakwaya. "Ni kweli, fundi. Hiyo mi yake imelala."

Basi Thuwaiba akapanda. Siku ya kwanza alipanda na kushuka mwenyewe bila kujua, baba akamrudisha. Siku zilizofuata vivyo hivyo. "Tena. Umeshuka. Tena." Tabia, aliyekuwa akipika futari jikoni, maana Ramadhani ilikuwa imeshaingia, alisikia "tena" nyingi kuliko muziki. "Baba Thuwaiba," alisema mara moja, "mwache mtoto apumue." Shaib akajibu kwamba kilichobaki ni kidogo tu. Na kweli, hatimaye kidole kiliacha kubisha. Kioo kikawa kijani mwanzo hadi mwisho, na Thuwaiba akawa anakipiga kile kipande huku anaitazama simu, hatazami tena fidla, na hakuna siku aliyoomba kukirudia kwa kupenda.

Bi Huwaida alirudi katikati ya mfungo, dada yake akiwa amepata nafuu. Jumamosi ya kwanza Shaib alikaa kwenye kiti chake cha pembeni akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi mgongoni. Thuwaiba akapiga. Alipofika kwenye kidole cha kati, Bi Huwaida akainua mkono.

"Nani kakuhamisha?"

Mtoto akamtazama baba yake.

"Ni mimi," Shaib akasema, bado anatabasamu. "Alikuwa anashuka. Tumemrekebisha kwa vipimo." Akaeleza video, selotepu, simu, na ushahidi wa Ernesti.

Bi Huwaida alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua fidla yake mwenyewe. "Fundi, sikiliza. Hii ni yako." Akapiga kile kipande. "Na hii ni niliyomfundisha." Akakipiga tena. "Umeonaje?"

Shaib aliinamisha kichwa. Aliomba kirudiwe, kikarudiwa.

"Mimi nasikia zote ni sawa," alisema mwishowe.

"Husikii, baba?" Thuwaiba aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Alistaajabu tu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mwenzake haioni rangi ya bluu.

"Baina ya sauti hii na hii," Bi Huwaida alisema, akigusa uzi, "ipo nyingine imekaa katikati. Sisi tunaiita robo. Gita halina. Kinanda cha kanisani hakina. Hiyo simu imetengenezwa na watu ambao hawaitumii, kwa hiyo ikiisikia inaona kosa. Mtoto alikuwa nayo, fundi. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, sikumfundisha kwa shida." Akamgeukia Thuwaiba. "Haya, irudishe ilipokuwa."

Thuwaiba akaweka kidole. Akakipandisha. Akakishusha mno. Akakipandisha tena. Alifumba macho, akajaribu, akafumbua.

"Sijui tena," alisema. "Nilikuwa najua, sasa sijui tena." Akaanza kulia, kimya kimya, fidla bado iko begani.

Shaib alikuwa ameshawahi kukata ubao wa mninga ukapasuka katikati. Alijua joto lile la usoni. Lakini ubao hununuliwa mwingine.

Bi Huwaida hakumgombeza mtu. Alibandua vile vipande vya selotepu kwa ukucha, akaifuta shingo ya fidla, akairudisha sandukuni. "Nenda nayo nyumbani," alimwambia Thuwaiba. "Usipopenda kuifungua, usiifungue." Na kwa Shaib akasema, "Harusini hatopiga."

Nyumbani Thuwaiba alilisukuma sanduku chini ya kitanda, likakaa huko. Siku ikapita, na nyingine. Shaib alikuwa akiinama kulichungulia kama mtu anayetazama mgonjwa. Mara kadhaa maneno yalimfika mdomoni, na kila mara Tabia aliyaona kabla hayajatoka.

"Ukimlazimisha leo," alimwambia, "kesho hata Bi Huwaida hatoweza kumrudisha."

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Kwani kukaa tu ni kazi ngumu?"

Ilikuwa kazi ngumu. Lakini pamoja na majuto yake, kuna kitu kingine kilichokuwa kinamkwaruza Shaib, nacho kilikuwa udadisi. Miaka yote ameishi, ameimba kasida utotoni, amecheza kwenye harusi zisizo na idadi, na kumbe ipo sauti ambayo binti yake anaisikia, Bi Huwaida anaisikia, yeye haimwingii. Iko wapi? Inafananaje? Je, haifiki masikioni mwake, au inafika na yeye haipokei? Alimuuliza Ernesti, naye Ernesti, kwa aibu kidogo, akakiri kuwa hata yeye hajui alichokuwa anakitolea ushahidi.

Adhuhuri moja Shaib aliacha kazi, akaenda peke yake Nguvumali. "Bi Huwaida, nataka kuisikia."

"Nini?"

"Hiyo robo."

Bi Huwaida alicheka, si kwa ubaya. "Mimi sina nafasi ya mwanafunzi mwenye ndevu. Mwombe Thuwaiba akufundishe."

Alimwomba jioni baada ya futari, wakiwa uani. Thuwaiba alimkagua kwanza, kama anatafuta mtego. "Wewe? Kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Nataka kujua unachosikia."

Mtoto akafikiri. Hakwenda kulitoa sanduku. Alivumisha tu kwa mdomo, sauti tatu zinazopanda. "Fanya hivyo." Shaib akafanya. "Siyo, baba. Tena." Akafanya tena. "Siyo. Umeipita. Tena." Alisema "tena" kwa upole kabisa, bila haraka, na Shaib alilisikia neno lake mwenyewe likiwa na ladha asiyoijua.

Waliendelea hivyo jioni kadhaa. Kwa mdomo haikutosha, na Thuwaiba mwenyewe akachoshwa na kushindwa kueleza. Akaingia ndani, akatoka na sanduku. Shaib alijifanya anarekebisha ukanda wa kandambili. Mtoto akapiga sauti ya selotepu, kisha akaanza kuitafuta ile nyingine: kidole kikateleza chini, kikarudi, kikasita. "Hapana. Hapana. Karibu." Hakuna aliyemhimiza. Tabia alisimama na sahani mkononi, hakwenda mbele wala nyuma. Halafu fidla ikatoa sauti, na uso wa Thuwaiba ukafunguka.

"Hii hapa! Imerudi! Umeisikia?"

"Sijaisikia," Shaib akasema ukweli, huku macho yanamwasha. "Lakini nimekuona wewe ukiisikia."

Tangu siku hiyo ukawa mchezo. Shaib anageuka, anatazama ukuta. Thuwaiba anapiga, yeye anajibu "ya simu" au "ya Bi Huwaida". Alikosa sana. Ernesti alikaribishwa, naye alikosa, kisha baada ya muda akaanza kupata, jambo lililomkera Shaib mno. Jioni moja alivua kofia akaitupa chini. "Masikio yangu yameoza!"

"Ukikasirika ndiyo yanaziba zaidi," Thuwaiba alimwambia. "Tuache, baba. Tunywe chai kwanza."

Wakanywa chai. Shaib aliketi na kikombe chake akijaribu kukumbuka kama yeye aliwahi, hata mara moja, kumwambia mtoto tuache, tunywe chai kwanza.

Harusi ya Badr ilifika. Kikundi kilichopiga kilikuwa na wapiga fidla wawili, na Thuwaiba, katika gauni lake jipya la idi, alikaa chini karibu nao akiwatazama vidole usiku kucha, hata biryani hakuimaliza. Ndugu walimzunguka Shaib. "Fundi, yuko wapi mpiga fidla wetu?" Aliwaonyesha. "Yule pale. Bado anajifunza." Shangazi mmoja akasema si uliahidi. Shaib akasema ni kweli, aliahidi, na hakuwa na haki ya kuahidi. Shangazi akamtazama kama mtu aliyebadilishiwa mpwa.

Siku chache baada ya hapo, Shaib alikuwa karakana anaranda fremu ya mlango. Ikaadhiniwa alasiri kutoka msikiti wa jirani. Kama kawaida aliizima randa yake ya umeme na kusimama kusikiliza. Muadhini alikuwa anapandisha sauti yake taratibu, ikapanda, na kabla ya kufika juu ikapita mahali fulani, ikakaa hapo kidogo. Nywele za mikono zikamsimama Shaib. Alisikiliza hadi mwisho, akaswali, kisha akaenda nyumbani kwa haraka na vumbi la mbao kichwani.

"Thuwaiba! Ile ya muadhini, pale anapopandisha, pale katikati, ndiyo yenyewe?"

Thuwaiba akavumisha mwito ule chini chini, kichwa kakiinamisha, kidole cha kati kinagusa hewa. Akafika mahali pale, akatulia.

"Ndiyo hiyo," alisema. Halafu macho yakamtoka. "Baba, mimi nilikuwa sijaijua hapo! Umeiona wewe!"

"Nimeisikia kila siku tangu nizaliwe," Shaib alisema, akaketi kizingitini kwa mshangao wake.

Thuwaiba alirudi Nguvumali Jumamosi iliyofuata, kwa kutaka mwenyewe. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Bi Huwaida ameanza kumchukua kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarabu pale mjini, akae nyuma na fidla yake ndogo, ajibu viitikio tu. Siku ya kwanza alikosa kuingia, akaingia mahali pasipo pake, watu wazima wakageuka. Shaib alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alisogea mbele, akashika magoti yake, akabaki palepale. Thuwaiba alisubiri kiitikio kinachofuata, akaingia nacho.

Mwezi huu Bi Huwaida amempa ngazi nyingine ya sauti, yenye huzuni, na uani Makorora kumeanza tena kusikika vitu vya ajabu. Shaib akitoka kazini huvuta kigoda, husikiliza, na anapoona mtoto amepumzisha upinde huuliza, "Hapo ulikuwa unatafuta nini?" Mara nyingine Thuwaiba anajua, anamweleza. Mara nyingine anasema bado hajui, na wote wawili wanangoja.